Krismasi Disney World kwa Mwendo wa Bibi

Kila Septemba simu huanza kuingia. Binamu yuko Columbus, Ohio: mama yake amepewa viza na atatua Novemba. Rafiki yuko Nairobi, ameweka akiba miaka mitatu, na mwaka huu anataka kuwatimizia watoto ahadi. Mwingine yuko Houston, ana mapacha wa miaka minne na baba mkwe mwenye goti bovu. Swali lao ni moja: "Tunataka kuwapeleka Disney Krismasi. Tuanzie wapi?"

Nimewajibu wengi kwa simu, na kila mara jibu langu huanza na swali: aliye polepole kuliko wote katika msafara wako ni nani? Mtaje kwa jina. Kisha panga safari nzima kwa mwendo wake. Ukipanga kwa mwendo wa kijana wa miaka kumi na minne, ikifika alasiri utakuwa na bibi aliyevimba miguu, mtoto anayelia, na mchana uliolipiwa pesa nyingi unaisha kwenye benchi.

Ijue sehemu yenyewe kwanza

Walt Disney World iko karibu na Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na ardhi yake ni takriban kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne za burudani, kila moja ikiwa na geti lake na tiketi yake ya siku:

- Magic Kingdom (1971): yenye kasri. Hapa ndipo watoto wadogo wanapopawazia wanaposikia jina Disney.
- EPCOT (1982): nusu yake ni mabanda ya nchi 11 yaliyozunguka ziwa.
- Hollywood Studios (1989): filamu, Star Wars, na treni za kutimua mbio.
- Animal Kingdom (1998): wanyama hai, na mji wa kubuni wenye maandishi ya Kiswahili.

Watu husema "tunaenda Disney" kana kwamba ni kiwanja kimoja cha maonyesho. Huwezi kuzimaliza bustani hizi kwa siku mbili, na usijaribu. Ukiwa na wazee na watoto wadogo, mimi ningechagua tatu, na iliyoachwa iwe Hollywood Studios.

Mapambo ya Krismasi huwekwa mapema Novemba, mara tu Halloween inapoisha, na hukaa hadi mwanzoni mwa Januari. Shika jambo hili moyoni, kwa sababu linakufungulia mlango wa uamuzi mkubwa kuliko mwingine wowote katika safari hii.

Tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Wengi wetu tukisikia Krismasi, akili inakwenda moja kwa moja tarehe 25 Desemba. Kwa Disney World, hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko zote. Shule za Marekani hufungwa siku chache kabla ya Krismasi, na familia kutoka kila jimbo hushuka Florida kwa pamoja. Foleni ya mchezo mmoja inaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Siku za msongamano mkubwa, Magic Kingdom imewahi kufunga mageti kwa sababu ya kujaa. Bei nayo hupangwa kwa tarehe: katika miaka ya karibuni tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom katika wiki hiyo imekaribia dola 200 kwa mtu mmoja, wakati siku tulivu za mwaka bei huwa chini sana ya hapo.

Mapambo ni yale yale tarehe 4 Desemba na tarehe 27. Kinachobadilika ni idadi ya watu waliosimama mbele yako.

Panga tarehe kwa utaratibu huu:

1. Chagua kwanza siku kati ya wiki inayofuata Thanksgiving na takriban tarehe 15 Desemba. Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Ndani ya kipindi hicho, Jumatatu hadi Alhamisi ni nafuu kuliko Ijumaa na wikendi.
2. Ikishindikana, nenda katikati ya Novemba, kabla ya wiki ya Thanksgiving yenyewe. Mapambo yameshawekwa, na joto bado ni zuri.
3. Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi Mwaka Mpya, nenda tu kama huna njia nyingine, na upunguze matarajio kwa nusu.

Msomaji unayetoka Afrika Mashariki, hapa una faida ambayo Wamarekani hawana. Kenya watoto wako kwenye likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Tanzania na Uganda mwaka wa masomo huisha karibu na mwanzo wa Desemba. Watoto wako wako huru wakati wenzao wa Marekani bado wako darasani. Itumie nafasi hiyo, kisha Krismasi yenyewe mkaile kwa ndugu mlipofikia, kwa pilau na kanisa la jirani.

Nawe unayeishi Marekani, zungumza na mwalimu mapema kuhusu siku tatu za kukosa shule. Wengi wanaelewa ukiwaeleza kwamba bibi amekuja kutoka Tanga baada ya miaka sita na atarudi Januari.

> TAHADHARI: SAA NA TAREHE ZA KIMAREKANI
>
> Tiketi ikiandikwa *12/9* ni tarehe 9 Desemba. Mwezi hutangulia. Nimeona familia ikikodi hoteli kwa mwezi usio wake kwa kosa hili.
>
> Saa nazo: 7:00 PM ni saa moja jioni, 4:00 PM ni saa kumi. Mkiwa na wazee wanaohesabu saa kwa Kiswahili na watoto wanaohesabu kwa Kiingereza, mmoja wenu aandike ratiba ya siku kwenye karatasi kwa saa zote mbili, na kila mtu awe na nakala. "Tukutane saa tatu" imeshapoteza watu.

Kununua tiketi bila kuumia

Kama mnatoka nje ya Marekani, viza kwanza. Tiketi za bustani hazirudishiwi pesa, kwa hiyo usinunue hata moja kabla pasipoti haijarudi mkononi ikiwa na viza. Hoteli nayo chagua ile inayokubali kufutwa bila hasara.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi. Wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto, iliyo pungufu kidogo tu. Akifikisha 10 anahesabiwa mtu mzima. Kama kuna wa kwenu anayetimiza 10 mwezi wa Januari, umeelewa.

Kisha kuna tiketi zinazouzwa na watu mitandaoni au kando ya barabara: "zimebaki siku mbili, nakuachia nusu bei." Usinunue. Tiketi za Disney haziruhusiwi kuhamishwa kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, na getini huchukuliwa alama ya kidole kuhakikisha aliyeitumia jana ndiye anayeitumia leo. Pesa hiyo ikishaondoka hairudi, na watoto wako watakuwa wamesimama getini wakiona kila kitu.

Kuna pia foleni ya kulipia, iitwayo Lightning Lane. Unanunua nafasi kwa programu ya simu ya Disney, unachagua michezo na nyakati zake, na ukifika unapita njia fupi. Wanaolala katika hoteli za Disney hupewa nafasi ya kuchagua siku 7 kabla. Wengine siku 3 kabla. Je, inafaa? Kwa siku tulivu za Desemba, ukiamka mapema, sioni haja. Kwa wiki ya Krismasi, ukiwa na watoto, weka pesa yake kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sherehe ya usiku ya Magic Kingdom: ielewe kabla haijakushtua

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Usiku kadhaa kila wiki, tangu Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi, Magic Kingdom hufanya sherehe iitwayo Mickey's Very Merry Christmas Party. Ilianza mwaka 1983. Ina tiketi yake ya pekee, kuanzia takriban dola 170 hadi zaidi ya 200 kwa mtu kutegemea usiku, na tiketi ya kawaida ya mchana haikuingizi humo. Huanza saa moja jioni na kuisha saa sita usiku.

Maana yake ni kwamba siku ya sherehe, wenye tiketi ya mchana huambiwa waondoke saa kumi na mbili jioni. Familia iliyonunua tiketi ya mchana ikitarajia kuona fataki juu ya kasri hutolewa nje kabla hazijawashwa. Kabla ya kulipia siku yoyote ya Magic Kingdom, fungua kalenda ya bustani na uangalie saa ya kufunga. Ukiona saa kumi na mbili jioni, hiyo ni siku ya sherehe.

Lakini shilingi ina pande mbili. Kwa kuwa wengi huikwepa siku hiyo, mchana wake huwa na nafasi kuliko kawaida. Kama kilichowapeleka ni michezo ya watoto na wazee wanataka kulala mapema, nunueni mchana wa siku ya sherehe, ingieni asubuhi, tokeni jioni. Fataki mtaziona siku nyingine.

Na kama bei ya sherehe haiwezekani na tarehe zako ni za mwishoni tu: sherehe zikishakwisha, kuanzia karibu tarehe 23 Desemba hadi mwisho wa mwezi, gwaride la Krismasi na fataki zake hupewa watu wote wenye tiketi ya kawaida. Ndiyo faraja pekee ya wiki ile.

Ukiamua kununua usiku wa sherehe, fanya hivi:

1. Siku hiyo msiingie bustani nyingine yoyote asubuhi. Lala, ogelea hotelini, kula vizuri. Anayetembea tangu asubuhi hawezi kuufikia usiku wa manane akiwa na furaha.
2. Saa tisa alasiri muwe njiani. Ukija kwa gari lako hushuki mlangoni. Unaegesha, unakaguliwa mikoba, kisha unavuka ziwa kwa feri au unalizunguka kwa monoreli. Tenga saa nzima.
3. Saa kumi jioni wenye tiketi ya sherehe huruhusiwa kuingia. Chukueni bangili zenu hapo hapo. Bila bangili, ikipita saa kumi na mbili utaombwa uondoke.
4. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kuleni chakula cha jioni. Baadaye foleni za chakula huzidi.
5. Saa moja hadi saa tatu, michezo. Foleni huwa fupi, na ile foleni ya kulipia haitumiki wakati wa sherehe. Biskuti na kakao ya moto hutolewa bure katika vituo mbalimbali. Ramani ya sherehe itakuonyesha.
6. Fataki tazameni mkiwa nyuma kidogo, kwenye barabara ya Main Street, karibu na njia ya kutokea. Watoto wachanga wazibeni masikio; mshindo ni mkubwa kweli.
7. Gwaride subirini la pili, la usiku sana. La kwanza kila mtu analigombania. La pili mzee atapata ukingo wa kukalia. Na kama watoto wameshasinzia, gwaride liacheni.

"Theluji" inayodondoka Main Street ni povu la sabuni. Picha zake ni nzuri, na mtoto ambaye hajawahi kuona theluji ataifukuza kwa mikono miwili. Mkataze kuilamba na kuipeleka machoni.

Kwa mzee, kwa mama anayenyonyesha, kwa mwenye goti bovu

Si ajabu kutembea kilomita 10 na zaidi kwa siku moja huku. Wazee wetu wengi wamezoea kutembea, na kwa sababu hiyo hiyo hukataa kiti cha magurudumu. "Mimi bado nina nguvu, nyie vipi!" Mama mkwe wangu alikataa hadi siku ya pili, na siku ya tatu alilala kitandani na barafu kwenye vifundo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimuuliza mbele ya wajukuu.

Nilichojifunza: chukua kiti asubuhi bila mjadala, weka mikoba na makoti juu yake, mkisukume kitupu. Ikifika saa saba mchana, mzee mwenyewe atakaa kidogo "kuwalindia mizigo". Heshima yake imebaki na miguu yake imepona.

Viti hukodishwa karibu na lango la kila bustani, na vya umeme pia, lakini vya umeme huisha mapema siku za msongamano. Kuna kampuni za mjini Orlando zinazoleta kiti hotelini kwa siku zote za safari; kwa mzee anayekihitaji kweli, hiyo ni njia bora.

Kila bustani ina chumba cha huduma ya kwanza. Magic Kingdom kiko karibu na mkahawa wa Crystal Palace, jirani na chumba cha watoto wachanga ambamo mama ananyonyesha kwa faragha na kubadilisha nepi. Kionyeshe kila mtu mnapoingia, kabla hakijahitajika. Dawa za presha na sukari zibebwe na mwenye kuzitumia, zisiachwe hotelini.

Kwa watoto

Mpime mtoto nyumbani, akiwa na viatu vya safari, umwambie ukweli kabla hamjaondoka. Kulia nyumbani ni nafuu kuliko kulia kwenye mlango wa mchezo baada ya saa nzima ya foleni. Kwa Magic Kingdom, vimo vya chini vinavyotakiwa kwa baadhi ya michezo ni hivi:

- Seven Dwarfs Mine Train: sentimita 97
- Tiana's Bayou Adventure: sentimita 102
- Space Mountain: sentimita 112
- TRON: sentimita 122

Mdogo akikosa kimo, wazazi hawalazimiki kuukosa mchezo. Mwambie mfanyakazi mlangoni kwamba mnataka kupokezana: mmoja anaingia, mwingine anabaki na mtoto, kisha wa pili anaingia bila kupanga foleni upya. Huduma hiyo ni bure, na watu wengi hawaijui kwa sababu hawakuuliza.

Kila asubuhi mpige mtoto picha kwa nguo alizovaa siku hiyo. Mwandikie namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika upesi. Mfundishe kwamba akipotea asitembee; amtafute mtu mwenye beji ya jina kifuani. Beji hizo huonyesha pia mji au nchi anayotoka mfanyakazi, na watoto hupenda kuzisoma.

Mchezo wa mashua wa Jungle Cruise hupambwa kipindi hiki na kuitwa Jingle Cruise. Unapita mito minne, ukiwemo Kongo na Nile. Kwa miaka mingi ulikuwa na sanamu zilizowaonyesha wenyeji kama washenzi; mwaka 2021 ziliondolewa. Mimi huwaeleza wanangu habari hiyo tukiwa kwenye foleni. Wanayo haki ya kujua kwamba bara la bibi yao lilichorwa hivyo, na kwamba watu walilalamika likabadilishwa.

Usiku wa kwaya: EPCOT

Kama mna mtu anayependa kwaya, na nani kwetu hana, usiku mmoja uwe wa EPCOT. Kwenye jukwaa la wazi mbele ya banda la Marekani hufanyika Candlelight Processional: kwaya kubwa na okestra, na mtu maarufu anayesoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Desturi hii ilianza Disneyland, California, mwaka 1958, na tangu 1994 iko EPCOT. Huimbwa mara tatu kila jioni katika msimu, na tiketi ya kawaida ya bustani inatosha.

Nimekaa pale na mama mkwe wangu. Hakuelewa maneno yote ya Kiingereza, lakini Haleluya ya Handel ilipoanza alisimama kabla ya wengine, akaimba sauti ya pili kwa Kiswahili kama walivyofundishwa usharikani kwao, na mzee wa Kimarekani aliyekuwa kando yake akamsogezea karatasi yake ya nyimbo. Kati ya vyote tulivyolipia safari ile, hicho ndicho anachokisimulia.

Kupata kiti: pangeni foleni saa moja kabla ya onyesho, au mnunue mapema mlo katika mkahawa unaouza chakula pamoja na nafasi ya kukaa. Mlo huo ni ghali. Kwa mzee asiyeweza kusimama saa nzima, ningeulipia na kupunguza kitu kingine. Vaeni makoti: jukwaa liko nje, kando ya maji.

Kabla ya hapo zungukeni mabanda. Katika kipindi cha sikukuu wasimulizi hueleza namna nchi zao zinavyosherehekea. Italia ina La Befana, ajuza anayeleta zawadi.

Harambe, ukijua Lamu

Sasa Animal Kingdom. Nenda asubuhi, kwa kuwa wanyama hutembea kabla jua halijakali, na bustani hii hufungua na kufunga mapema kuliko nyingine.

Sehemu ya Afrika inaitwa Harambe, mji wa kubuni wa pwani. Waliousanifu walizuru Afrika Mashariki na kuichukua Lamu kama mfano: kuta za chokaa zilizobanduka, milango ya mbao, mabango yaliyopakwa rangi kwa mkono, duka liitwalo Mombasa Marketplace, kibanda kiitwacho Tamu Tamu. Tafuta maandishi ya UHURU 1961. Mji ni wa kubuni, lakini mwaka huo ndio Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba, katikati kabisa ya msimu huu. Mkiwa huko tarehe hiyo, mpigeni babu picha hapo.

Kwa mtoto aliyezaliwa Minneapolis ambaye huona aibu kujibiwa kwa Kiswahili mbele ya rafiki zake, mahali hapa hufanya kazi ambayo mahubiri ya nyumbani hayawezi. Ghafla yeye ndiye anayesoma mabango na kuwafafanulia wengine. Mpe kazi hiyo: awe mkalimani wa familia kwa nusu saa. Mwulize simba, rafiki na pumbaa maana yake nini kabla ya kuingia kwenye onyesho la Festival of the Lion King, ambalo ni la ndani, lenye viti, la kama nusu saa, na linafaa sana wazee.

Safari ya gari, Kilimanjaro Safaris, huchukua takriban dakika 20 na wanyama ni hai kabisa: twiga, tembo, vifaru, viboko. Babu aliyeiona Serengeti au Tsavo atakuwa na maoni yake. Mwacheni ayatoe, wajukuu huanza kumsikiliza hapo.

Krismasi katika bustani hii ni ya utulivu. Kwenye kisiwa cha katikati hupita vikaragosi vikubwa vya wanyama wa baridi, dubu wa theluji, kulungu na ngwini, vikiongozwa na watu na muziki. Hakuna anayesukuma mwenzake. Mtoto mwoga anaweza kusogea na kumgusa dubu pua.

Jioni mnaweza kula Sanaa, mkahawa ulio katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village. Utakula naan na chatini huku punda milia wakipita nje ya dirisha. Huhitaji tiketi ya bustani, ila weka nafasi ya meza mapema, na omba iwe kabla ya jua kuzama.

Chakula na pesa

Mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu, ila msibebe chupa za kioo wala pombe. Chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha, matunda: vyote vinapita. Maji ya baridi kwenye glasi ya karatasi hutolewa bure katika migahawa ya kujihudumia, omba tu. Kwa Waislamu, mwiteni mpishi mumuulize kuhusu nyama na mafuta yaliyotumika; nyama ya nguruwe hujificha hata kwenye saladi na maharage.

Wapiga picha wa Disney hupiga na kuuza, lakini ukimpa simu yako atakupigia na hiyo pia, bila malipo.

Na siku isiyo na tiketi kabisa ni muhimu. Disney Springs, eneo la maduka, huwa na miti ya Krismasi iliyopambwa kwa mitindo mbalimbali, na kuingia na kuegesha ni bure. Iwekeni siku hiyo katikati ya safari.

Mkobani, kila siku

☐ Sweta na koti: mchana Desemba hufika nyuzi 23, lakini usiku hubaki 12, na upepo wa kaskazini ukija hushuka chini ya 5
☐ Viatu vilivyokwisha kuzoeleka, na soksi za akiba
☐ Koti la mvua la plastiki kwa kila mtu, mlilonunua dukani kabla ya kufika
☐ Pawabenki; tiketi, ramani na oda za chakula zote ziko kwenye simu
☐ Dawa, plasta, kanga mbili. Kanga ni blanketi, ni pazia la kunyonyeshea, ni mto wa kichwa kwenye basi
☐ Ratiba ya karatasi yenye saa zote mbili

Kutoka

Fataki zikiisha, watu maelfu hugeukia lango kwa wakati mmoja. Msifuatane nao. Kaeni pembeni dakika arobaini, mmalizie kakao, mwacheni bibi avute pumzi. Kisha chukueni feri badala ya monoreli. Ni ya polepole, ina nafasi ya kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, na ikishang'oa nanga, kasri lote lenye taa hubaki nyuma yenu juu ya maji. Simameni upande wa nyuma. Mfunikeni mtoto kanga, na aliyelala msimwamshe.